Pacha Yangu Bila Jina

Uvira, 6 Machi 2023

Bukuru, ndugu wa tumbo moja,

Salamu kutoka huku kwenye kituo cha kuacha pombe. Umeamkaje, na wateja wako wa mpakani wanakuvumilia? Mimi nimeanza kupata usingizi bila kanyanga, ile pombe yetu kali, ila mikono bado inatetemeka. Simu zetu wamezihifadhi, ndiyo maana naandika.

Infirmière Noella, muuguzi wa hapa, aliniambia siku ya kwanza: "Hapa hatusemi nani yuko. Hata pacha wako akiuliza getini, tutanyamaza mpaka wewe upende." Nililia kama mtoto. Basi nakuomba kitu kimoja. Nyumbani Runingu wanajua niko kwenye formation, mafunzo ya walimu. Waache wajue hivyo. Mwalimu akishaitwa mlevi, nani atamsikiliza tena darasani? Na binti yangu Alliance anakaa darasa hilohilo.

Ni mimi, Butoyi wako


Kavimvira, 9 Machi 2023

Butoyi, mutu wangu,

Minye niko muzima, homa yenyewe inaniogopa. Weye unakula? Ondoa wasiwasi. Unajua unaandikia nani? Minye nabadilisha franga mbele ya douaniers, watu wa forodha wa inchi mbili, nimefika Kigoma, nimefika Lusaka, waongo wa kila luga wananiheshimu. Siri ikiingia kwangu iko kama jiwe mu Tanganyika. Masomo niliachia mwaka wa tano, lakini kufunga mudomo nilipata diplome.

Bibi yako, mama Alliance, nilimuambia kwamba mu formation unawashinda wote. Ukitoka tutachoma samaki mukeke, tutakunywa Fanta kama wachungaji.

Bukuru wako, grand commerçant


Kavimvira, 20 Machi 2023

Butoyi, furaha ya mama,

Uko aje? Mikono ilitulia? Jana siku ya Yenga, Jumapili, nilisali kwenu Runingu. Pasta Gédéon akauliza nani iko na ombi. Roho ikanichoma. Watu wanaombea hata mbuzi, na weye upigane peke yako? Nikasimama. Lakini minye si mujinga, jina lako sikutaja kabisa. Nilisema tu: "Muniombee pacha yangu. Anapigana na chupa, iko mu matunzo pale Uvira." Kanisa zima lilitoa machozi. Hukusikia nguvu inashuka?

Bukuru wako, mutu wa maombi


Uvira, 28 Machi 2023

Bukuru,

Nakusalimu. Una mapacha wangapi?

Jumamosi wamama wa korali walifika getini na sufuria ya bugali na samaki. Noella aliwajibu hawezi kusema kama mtu huyo yuko ama hayuko. Wakamwambia hakuna shida, wataimba tu, kama yuko atasikia. Waliimba chini ya dirisha letu, jina langu katikati ya wimbo, na wenzangu wa chumbani wakaanza kuniangalia.

Alliance alikuwa kati yao. Sauti yake ndiyo iliyopanda kupita zote.

Sina hasira. Najua ulisimama kwa upendo. Lakini neno lile lilikuwa langu kulisema. Kesho naondoka.

Butoyi


Kavimvira, 16 Aprili 2023

Butoyi,

Uko wapi? Unakula? Nilituma barua kwa shangazi kule Sange, ingine Bujumbura, ingine Baraka. Sikupata jibu hata moja. Nijibu hata kwa matusi, minye ngozi yangu ni ngumu.

Bukuru


Kavimvira, 3 Septemba 2023

Butoyi,

Nakusalimu, kama unasoma. Shule ilishaweka mwalimu mwingine. Alliance aliacha korali. Aliniuliza kama ni yeye alikufukuza. Nilimuambia hapana, mama, ni minye.

Jana nilipanda kule kituoni kuuliza kama ulirudia. Noella akasema hawezi kuniambia kama uko ama hauko. Nilimutolea maneno yangu yote, hata ya Lusaka. Nikamuambia aangalie uso huu, ni uso uleule. Akanijibu pole pole: "Uso ninauona, papa. Lakini siwezi."

Nikakaa chini pale getini, nikamushukuru. Angenijibu minye, angejibu na korali.

Siku hizi wabadilishaji wenzangu wakiuliza habari yako, na minye nasema siwezi kusema. Wanacheka, wanazani ni mizaha yangu ya kila siku.

Barua hii nitaiacha pale getini. Juu ya bahasha sikuandika kitu. Jana nilimuuliza Noella kama ataipokea; hakuahidi neno, alifungua tu mukono.

Kama hauko, basi. Kama uko, pona kwanza, usinijibu mpaka upende. Nitakuwa napita pale inje ya geti.

Sitaimba.

Mutu mumoja tu