Kona Isiyonyooka

Jumatatu, 3 Machi

Nina kopo la biskuti ambalo nimelificha miaka thelathini na moja. Mke wangu amekufa hajui kilichomo. Binti yangu anadhani ni vifungo. Daktari amesema figo zimechoka — wiki, Mzee, si miezi — basi leo nimelitoa nyuma ya kabati na kuliweka mezani. Sijalifungua.

Mchana alikuja mwalimu wa chuo kikuu, yule wa miwani. Anaandika historia ya wakuu wa idara ya ujasusi, wote sita. Mimi nilikuwa naibu wa yule wa kwanza. Tulimwita Pamba, maana alitembea bila kusikika. Kanisomea rasimu. Pamba ana kurasa arobaini! Mimi nina tanbihi mbili, na moja imekosea mwaka wangu wa kuzaliwa.

Shuleni nilikuwa wa kwanza, yeye wa nne. Hilo halimo.

Jumanne, 4 Machi

Magoti yamezeeka, macho yamezeeka. Wivu bado kijana.

Idara ilianza na vyumba vinne juu ya posta. Yeye alichukua chenye dirisha. Mimi nikapewa kile kilichopitiwa na bomba la choo cha juu. Kila mtu akivuta maji, nilijua. Lakini si chumba kilichoniuma. Watu walimpenda bila yeye kufanya lolote. Madereva walimpenda. Rais alimnong'oneza. Akitutembelea, mke wangu alivua aproni. Nikirudi mimi, aliivaa.

Mwalimu kauliza kazi ya mkuu wa ujasusi ni nini hasa. Nikamjibu: kumpelekea Rais habari asiyotaka kuisikia, kabla haijaja yenyewe. Akafurahi. Umesema vizuri kweli, Babu! Sikumwambia kwamba maneno hayo ni ya Pamba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo aliuliza habari za kona. Nilimweleza. Pamba hakuamini madaftari ya kupokelea barua. Daftari husomwa na kila mfagizi. Karatasi nyeti ulimpelekea mkononi. Akishaisoma, alikunja kona ya juu, akaipitishia ukucha, akaichana, akaiandika tarehe kona hiyo na kukupa; karatasi ikabaki kwake. Hiyo ndiyo stakabadhi yako. Karatasi isiyo na kona, Mkuu kaisoma.

Nikajua anakoelekea. Taarifa ya kinyozi.

Kinyozi wetu alinyoa askari kambini na kutuletea waliyoropoka kitini. Wiki ile alileta jambo zito: kikosi kimoja kitavamia kituo cha redio Jumamosi alfajiri. Hakuna aliyeonywa. Waasi walizimwa kabla ya adhuhuri, lakini watu kumi na wawili wa redio walishakufa. Kesho yake taarifa ikakutwa kwenye trei ya Pamba, mezani pake, haina kona. Yaani aliisoma akakaa kimya. Magazeti yakacheka: kumbe ni pamba za masikioni! Akafukuzwa. Sura yake kitabuni inaitwa "Mkuu Aliyelala".

Mwalimu: ulimpelekea lini? Mimi: Jumanne, siku nne kabla.

Akatoa picha za karatasi za zamani. Kona zote zimenyooka, Babu, kama zimekatwa kwa wembe. Hii moja tu imechanika ovyo. Siku hiyo alikuwa na haraka?

Labda, nikasema.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja, mjane wa Pamba. Amepanda ngazi zote bila fimbo! Ana miaka themanini.

"Shemeji, umekonda mpaka kivuli chako kimekuzidi."

"Na wewe unene huo umeuiba wapi?"

Tukacheka. Binti yangu akaleta chai, akamkumbatia muda mrefu. Mimi hajanikumbatia hivyo tangu aolewe. Nikahesabu hilo pia.

Halafu Shemeji akaweka kikombe chini, akasema alichojia. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa Alhamisi. Wajukuu zake watakisoma shuleni. "Sikuombi umsifu. Hujawahi kumsifu, usije ukaanza leo ukafa kwa mshtuko. Nataka neno moja. Karatasi ile ilimfika, haikumfika?"

Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, ila nilikirefusha.

Akasema mumewe hakumwambia kitu mpaka kufa kwake. Ila kila alipokwenda mjini alipitia mtaa wa yule kinyozi, si kunyoa, alikuwa na upara, bali kuona kama duka liko wazi. Likiwa wazi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Na jambo jingine: alikuwa akisema mimi nilimzidi akili.

Alisema hivyo! Kwa mkewe, mimi nisipokuwepo! Nilimchukia upya, nikiwa na kikombe mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika uongo hata humu. Namdanganya nani, kalamu?

Nitaandika kwanza ya tume iliyochunguza uvamizi wa redio. Tume iliketi katika ukumbi wa mahakama, feni moja, viti vya kukunja. Nilikula kiapo, nikasema Jumanne. Mwenyekiti akampa Pamba karatasi: uliipokea? Pamba hakuisoma. Alipitisha kidole gumba pale kona ilipotoka. Polepole, kama fundi anayepima mbao. Kisha akaniangalia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Angesema sikuipokea, tume ingemtaka aliyeileta habari idarani athibitishe siku. Wangemwita kinyozi mbele ya watu, na kambini walikuwa wamebaki ndugu na marafiki wa waasi. Asingemaliza wiki.

"Nimeipokea," Pamba akasema. "Kosa ni langu."

Kinyozi alikufa mwaka jana, kitandani pake, kwa uzee.

Na mimi nikaona wivu. Pale pale kwenye kiti cha kukunja. Hata kuanguka alianguka vizuri kuliko mimi.

Jumanne, 11 Machi

Miguu imevimba. Binti ananiuliza kama naandika wosia. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Baba, una nini cha kurithisha zaidi ya redio na ubishi?"

Nimemwambia ampigie mwalimu simu. Kesho, na aje na karatasi yenyewe, si picha. Shemeji pia.

Jumatano, 12 Machi

Wako sebuleni. Nawasikia, Shemeji anamfundisha mwalimu kukunja kona kama alivyokunja marehemu, kwenye gazeti langu la leo. Binti amegonga mlango mara mbili. Nakuja, nakuja.

Nimefungua kopo. Kona mia mbili na kitu, zimenyooka, mwandiko wake mdogo. Moja ina meno. Tarehe juu yake niliiga. Herufi zake nilizijua tangu darasani, tulikaa dawati moja.

Nilitaka achelewe, basi. Rais aamke siku moja na habari ambayo Pamba hakumpelekea, atafute mtu mwingine, na mtu mwingine alikuwa mimi. (Kiti akapewa kanali. Aliniita "wewe wa mafaili".) Kwa miaka yote najiambia sikujua kwamba watakufa kumi na wawili. Idadi sikuijua. Nilijua redioni kuna zamu ya usiku.

Mlango tena. "Baba, wanakusubiri! Nije nikushike?"

Subiri, mama. Niandike kwanza, maana nikifika pale nikamwona Shemeji nitaanza kukohoa.

Taarifa ya kinyozi ilinifikia Jumanne. Niliifungia kwenye droo yangu. Jumamosi, redio ikiwa bado inawaka moto, niliingia chumbani kwa Pamba, naye yuko kwa Rais, nikaiweka kwenye trei yake. Hakuwahi kuiona. Kona niliichana mimi.