Mwaka Huu Nimepangwa Kuoshwa Miguu

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa, kama ilivyo desturi yangu, naomba unisaidie maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni seremala na mzee wa kanisa, na kanisani kwetu kila Alhamisi ya kabla ya Pasaka tunaoshana miguu, na kwa miaka kumi na moja mfululizo mimi ndiye niliyeshika beseni, nikapiga magoti sakafuni bila hata kipande cha godoro, na ushahidi upo, picha nimezitundika sebuleni ili wageni wajifunze kujishusha. Sasa juzi mchungaji kaniita ofisini akaniambia, "Mzee, mwaka huu wewe kaa kwenye kiti, uoshwe." Nikadhani ananitania. Nikamuuliza ni nani atakayeniosha, akasema ni mdogo wangu, fundi bomba, ambaye hajakanyaga kwangu tangu mwaka jana, pale aliponibishia kuhusu mabati ya nyumba ya mama, nami Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye maombi nikamsihi Mungu amvunje kiburi, nikimtaja kwa jina, kwenye kipaza sauti, na nilifanya hivyo kwa upendo tu. Eti ameomba mwenyewe kuniosha! Amepata kazi mbali na huku, anaondoka Jumatatu, na mama analia kutwa, anataka kuwaona wanawe meza moja kabla hajafumba macho. Lakini mimi nimekataa, kuhudumiwa si tabia yangu. Mke wangu naye, badala ya kunitetea, kasema, "Baba watoto, unyenyekevu wako umetuchosha humu ndani." Nifanyeje ili mchungaji anirudishie beseni langu, bila kuonekana kwamba nalitaka?

Mtumishi Asiyejikweza

JIBU

Pole sana. Pole hiyo mpelekee mkeo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiutafuta huo unyenyekevu. Nimekuta beseni, picha na kipaza sauti. Ukipiga magoti, wewe ndiye mtoaji na kanisa zima linakutazama. Kwenye kiti utakaa peku, kucha nje, huna la kufanya ila kupokea, tena kutoka kwa mtu uliyemkosea. Hilo ndilo unaloliogopa, na nakuonea huruma, kwa sababu linauma kweli. Lakini nyani haoni kundule, mzee wangu. Yale hayakuwa maombi. Ulimsuta mdogo wako hadharani, ukamalizia na amina.

Sasa nisikilize. Leo hii, si kesho, nenda kwake peke yako, bila mjumbe na bila Biblia kwapani. Mwambie, "Nilikudhalilisha mbele za watu, nisamehe." Ukijikuta umeanza na "kama nilikukosea," toka nje, ubishe hodi upya. Akigusia mabati, usimjibu, hata kama ulikuwa na haki. Alhamisi vua soksi, kaa, nyamaza, na mtu asikupige picha. Maji yakiwa ya baridi, vumilia. Akishakukausha miguu, mwambie asante, na isifuatwe na mahubiri. Kisha mwende nyote wawili kwa mama mkale, mapema, mama wa watu asingoje.

Jumatatu msindikize, umbebee begi. Ukitaka kulia, lia. Ila usiniandikie kunisimulia ulivyojishusha vizuri. Sitaki kujua.