Kazi ya Lori Nimeipata, Lakini Mume Wangu Hajui Kilichonipata Nyanguge

Mpendwa Shangazi Mwanvua, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha na hofu kifuani kwa pamoja, nakuomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika.

Mimi ni sajini mstaafu wa jeshi, naishi Mkolani na mume wangu Mashimba ambaye ni fundi cherehani, na binti yetu Precious yuko sekondari. Tangu nilipovua magwanda kila mtu ana mpango wake juu ya maisha yangu, mawifi wanataka nifuge kuku, majirani wanataka nigombee uenyekiti wa mtaa, kanisani wanataka nikae getini niwe mlinzi, lakini mimi Shangazi kazi niliyoifanya jeshini kwa moyo wote ni kuendesha magari makubwa, na mpaka leo semi-trela likipita hapa kwetu kuelekea Usagara nasimama pembeni ya barabara mpaka lipotee, nalisikiliza linavyobadilisha gia.

Basi nikarudi darasani kusomea magari ya tela, maana lori la jeshi ni kitu kimoja na tela refu linalokufuata nyuma ni kitu kingine, nikakaa na vijana wanaoniita mama, nikafaulu, nikapandisha daraja la leseni, nikaomba kazi kwenye kampuni moja ya usafirishaji huko Igoma. Bosi wao, Bi Yasmin, akanikabidhi kwa dereva wao wa zamani, Mzee Khalidi, anipime barabara ya Musoma. Shangazi, siku ile niliendesha! Mzee Khalidi aliyekuwa amekaa kama mtu anayesubiri ajali akaanza kusinzia, akaniambia, "Ukiona dereva mzee anasinzia kwenye gari la mwingine, ujue amekupa cheti."

Tulipokaribia Nyanguge tairi la tela likapasuka.

Hapa ndipo shida yangu ilipo. Zamani nilikuwa kwenye misheni ya kulinda amani nje ya nchi, msafara wetu ukavamiwa, na koplo aliyekaa kando yangu, Sabina, akapigwa risasi ya paja, nyuma nimebeba majeruhi, mbele sioni kwa vumbi, nikaendesha hivyo hivyo mpaka tukafika kambini, na Mungu ni mwema Sabina alipona, sasa analima mihogo kwao Nansio. Mimi sikuguswa hata na mchanga. Nilidhani yamekwisha, lakini mlio wa lile tairi ulikuwa mlio ule ule, na mikono yangu ilifanya kazi yake vizuri, sikukanyaga breki kwa pupa, niliushika usukani, nikaliacha gari lipungue mwendo, nikaliweka pembeni, nikawasha taa za hatari, ila liliposimama tu nikapiga kelele, "Lala chini!" nikamkamata Mzee Khalidi kola, nikamlaza sakafuni, nikamlalia juu. Mzee wa watu, kofia imemfunika uso, ananiuliza, "Afande, tumevamiwa na nani?"

Nililia Shangazi, sijui kwa muda gani, yeye akanipa maji, akashuka, tukabadilisha tairi pamoja. Tuliporudi Igoma akamwambia bosi, "Tairi limepasuka, mama amelisimamisha gari kama mtu anayeweka yai mezani." Bi Yasmin akanipa mkono, kazi ni yangu, Jumatatu napeleka mabati Bukoba. Nje Mzee Khalidi akaniambia, "La tairi nimelisema mimi. La sakafuni ni la kwako kulisema."

Na nyumbani ndiyo kabisa. Mashimba mwanzo alikataa, alisema, "Ulipokuwa misheni nililala na redio sikioni. Umerudi mzima, barabarani unafuata nini?" lakini akalainika mwenyewe, na niliposema nimepata kazi alipiga vigelegele kama mwanamke, akaita majirani, akachinja jogoo. Sasa nitamwambiaje? Nikimwambia atanizuia, nikinyamaza nitakuwa namdanganya kila nikiwasha gari, nikimwambia bosi atampa mtu mwingine usukani, na nisipomwambia, je, ikitokea tena nikiwa peke yangu mlimani? Nimechanganyikiwa. Niiache kazi niliyoiota maisha yangu yote, au niende nikiwa nimefunga mdomo?

Sajini Wilhelmina, Mkolani

Wilhelmina mwanangu, marahaba. Barua yako sikuiweka kwenye foleni ya gazeti, maana gazeti lingetoka wewe umeshapita daraja la Busisi. Nilikupigia siku ile ile. Niliyokuambia ndiyo haya, na umeniruhusu niyaandike kwa jina lako ili wengine wafaidike.

Kwanza nikupe pole, tena pole ya kweli. Umebeba majeruhi ukawafikisha, watu wakakupigia saluti, na hakuna aliyekuuliza wewe mwenyewe umefikaje. Mwenzako Sabina jeraha lake lilionekana, likafungwa bandeji. Lako lilikwenda na wewe nyumbani likakaa kimya. Hiyo si aibu wala si woga, na mtu akikwambia askari halii, mwambie akuoneshe vita alivyopigana yeye.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaniuliza uache kazi au ufunge mdomo, kana kwamba Mungu ameumba njia mbili tu! Jeshini gari likitoa mlio usioujua ulikuwa unafanya nini? Ulilitupa? Ulifunga masikio ukaendelea? Ulilipeleka kwa fundi. Basi na wewe nenda kwa fundi wako. Hospitali kubwa hapo Mwanza zina wataalamu wa afya ya akili, hawapokei vichaa peke yao kama watu wanavyodhani. Nenda kesho asubuhi, usingoje mtu akushike mkono.

Halafu mume wako. Mwanaume aliyelala na redio sikioni kwa ajili yako unamficha machozi? Unadhani alichokuwa anakiogopa ni lori? Alikuwa anaogopa kukupoteza bila kujua lolote, na sasa ndicho unachomfanyia. Mwambie leo, kabla ya chakula, usizunguke.

Na Bi Yasmin mwambie wewe, kwa kinywa chako, kabla ya Jumatatu. Lori lenye mzigo halikubebi wewe peke yako. Kuna watoto wanavuka barabara Geita, kuna watu sokoni Muleba, hao nao wana haki juu ya usukani wako. Mwambie ulivyolisimamisha gari na mwambie ulivyomlaza mzee wa watu sakafuni, yote mawili, maana yote ni kweli. Omba safari isogezwe mpaka daktari aseme neno, na omba za mwanzo uende na dereva mwenzako. Akikunyima kazi kwa kusema ukweli, kampuni si moja. Lakini usiiache kwa mdomo wako mwenyewe. Hukustaafu ili ukafuge kuku wa mawifi.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Wasomaji wangu, mnanijua, huwa sipendi kusimulia yaliyofuata, watu wasije wakadhani mimi ni mganga. Safari hii siwezi kunyamaza.

Mashimba alisikiliza mpaka mwisho, akazima cherehani, akasema, "Kumbe ulirudi na vita ndani na mimi nilikuwa nakuuliza kama umekula." Asubuhi alifunga duka wakaenda hospitali wote wawili. Daktari alimweleza Wilhelmina ugonjwa wake kwa jina, akamfundisha namna ya kupumua na namna ya kujirudisha mahali alipo mwili unapotaka kukimbia, akamtaka arudi kila baada ya muda. Bi Yasmin naye alipoambiwa yote mawili akasema, "Madereva wangu wengi wameona ajali mbaya barabarani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia analia." Safari ikasogezwa mpaka daktari aliporidhika, Mzee Khalidi akapangwa kiti cha kushoto, na sasa hivi madereva wengine wawili wa kampuni ile wanamwona daktari huyo huyo.

Juzi jioni simu yangu ikaita. Nasikia watu wanapiga kelele, mabati yanalia, na sauti ya Wilhelmina katikati.

"Shangazi, niko Bukoba! Nashusha mzigo!"

"Umefikaje?"

"Nimevuka daraja asubuhi, ziwa huku na huku, nikasema Bwana wee, kumbe huku juu ndiko madereva wanakoishi! Geita pikipiki ikapiga mlio kando ya dirisha. Mwili ukaruka, Shangazi, sikufichi. Nikapumua kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti, 'Hii ni Geita, ile ni pikipiki, mimi ni Wilhelmina.' Mzee Khalidi akaitikia, 'Na mimi ni Khalidi, twende.' Tukaenda."

"Mume wako anajua umefika?"

"Nimempigia yeye kwanza. Anapita nyumba kwa nyumba Mkolani anatangaza. Sasa anauliza kama nikirudi anaweza kupanda mbele mpaka Sengerema na kurudi, eti anataka kuona ninavyokata kona."

"Mpandishe, kama bosi wako ameruhusu," nikamwambia. "Na hospitali unarudi lini?"

"Wiki ijayo, Shangazi. Imeshapangwa." Hapo mtu akamwita huko kwenye mzigo, "Dereva! Dereva yuko wapi?" na nikamsikia akijibu kwa sauti ya paredi, "Dereva ni mimi!"