Maziwa Mepesi

Jumanne, Haneti. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Kichwa changu nacho hakieleweki.

Tangu jana maneno ya mama mkwe hayanitoki. Mwanangu Daudi ana miezi miwili na jioni analia mno. Mama akaniambia nikamue kidogo kiganjani aone. Akatazama, akaguna.

"Mwanangu, haya maji matupu. Mtoto ana njaa huyu. Kesho tumkorogee uji."

Nesi wa kliniki alishasema hata maji nisimpe mpaka atimize miezi sita. Lakini mama amelea watoto saba, mume wangu akiwemo, na wote wazima. Nimsikilize nani?

Na iliniuma, nisidanganye. Kuambiwa maziwa yako ni maji!

Leo asubuhi nikaingia zizini. Kondoo wetu hawa wa manyoya mafupi hapa nyumbani huwa hatuwakamui, maziwa ni ya watoto wao. Ila mmoja kazaa pacha, na yule mdogo hana nguvu ya kunyonya, kwa hiyo namkamulia kwenye kikombe nimnyweshe kwa chupa. Maziwa yakaanza kutoka mepesi, kama maji yaliyooshewa mchele. Nikacheka peke yangu. Hata wewe, mama pacha?

Nikaendelea kwa sababu kikombe kilikuwa hakijajaa. Kuelekea mwisho, kiwele kimeshalegea, yakaja mazito, meupe pepe, yanaacha mafuta vidoleni.

Kondoo yule yule. Chuchu ile ile.

Nilibaki nimechuchumaa na kikombe mpaka mwana-kondoo akaanza kunipiga kichwa. Mama aliona matone ya mwanzo tu. Na Daudi je? Kila akikolea kunyonya naitwa, mara maji yamechemka, mara mbuzi wameingia shambani. Namtoa, nikirudi nampa ziwa la pili. Labda kila siku anaishia kwenye mepesi. Au najifariji tu, maana mimi si kondoo.

Mchana mama akabandika uji kweli. Nikamwomba anisubiri mpaka nimpeleke mtoto kliniki apimwe uzito.

"Unamfanyia mtoto majaribio?" akaniuliza.

Nikakaa mkekani, nikampa Daudi ziwa moja. Nikaitwa, sikuinuka. Nikaitwa tena, nikajifanya sisikii, na katika nyumba hii sijawahi kufanya hivyo. Alinyonya mpaka akaliachia mwenyewe, akalala mdomo wazi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akaketi akaunywa ule uji mwenyewe. Sijui amekubali au amekasirika.

Alhamisi ni kliniki. Nikikuta amepungua, nitamtazamaje mama?

Nitamtazamaje Daudi?