Soseji ya Kassel na Senene wa Izimbya

Kassel, 4 Oktoba 1973

Kasinge tata, baba yangu,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Mama je, amepata nguvu tangu ajifungue? Jana shule yetu ya uuguzi walitupikia piza: mkate bapa wenye nyanya, jibini na soseji ya huku, nyama mbichi ya nguruwe iliyoning'inizwa darini mpaka ikakauka. Mwalimu alitufundisha lishe yake: protini tele, madini ya kuongeza damu, ila mafuta na chumvi kupita kiasi. Nilikula nikasahau somo!

Mwanao, Alistidia

Izimbya, 27 Oktoba 1973

Binti yangu,

Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Ila mama yako si mzima. Akisimama anashikwa na kizunguzungu, na maziwa ya mtoto hayatoshi. Mganga wa zahanati kasema damu imepungua, ale nyama. Nyama ya wapi, mwanangu? Duka la ujamaa lina sabuni na viberiti, basi. Tuma hiyo soseji, hata kipande. Naogopa.

Baba yako, Byabato

Kassel, 14 Novemba 1973

Tata,

Pole sana, nimelia. Posta hawapokei nyama. Lakini nilimweleza mwalimu habari za senene, akasema wadudu wa jamii hiyo wakikaangwa, soseji haioni ndani kwa protini. Na sasa ni msimu wao. Mpe mama, tata, na mayai pia. Najua utakachosema.

Mwanao, Alistidia

Izimbya, 1 Desemba 1973

Alistidia,

Hatujambo. Kama unajua nitakachosema, umeandika ya nini? Mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa, huwakaanga. Anayekula ni mume, na mayai vivyo hivyo. Mama yangu mzazi aliingia kaburini hajaonja. Mwalimu wako aje awale yeye!

Baba yako

Kassel, 8 Januari 1974

Tata,

Shikamoo. Noeli imepita bila barua. Sibishani tena. Niambie tu, mama yu hai?

Mwanao

Izimbya, 25 Januari 1974

Binti yangu,

Amani iwe nawe. Tulia, mama yako yu hai. Nilichelewa kuandika kwa aibu.

Siku ya Noeli alianguka akiniletea sahani yangu ya senene. Wakamwagika. Naye, hapo hapo chini, akaanza kuwaokota ili nisikose kitoweo. Waitu! Nilijiona si mtu. Nikamkalisha, nikamlisha kwa mkono wangu.

Sasa senene wote ni wake, na mayai. Maziwa yamerudi, mtoto kanona. Siku ile alipomaliza sahani alinitazama, akasema, "Baba Alistidia, kumbe ni watamu hivi?"

Mchungaji wetu anakuja huko, amebeba kopo la senene. Si la mwalimu, ni lako. Kula, mwanangu. Anayekupa ni baba yako.

Byabato