Maziwa ya Mama Kulwa

Jumatatu, 1 Februari 1993
Bandani kwetu Buhongwa, tunapokusanya maziwa, saa kumi na mbili na nusu. Tangu Januari tunafungua mapema, ili hoteli za mjini zipate maziwa kabla ya chai. Wafugaji wa hapa hapa wanatangulia. Wa Misungwi wanafika jua limepanda, mashati yamelowa jasho. Kwa kila mmoja namimina maziwa kidogo kwenye gilasi ndefu, natumbukiza laktomita. Ni kijiti cha kioo, kinaelea. Kikizama kupita alama, maziwa yametiwa maji. Ndicho nilichotoka nacho kiwandani baada ya miaka kumi na miwili, kiwanda cha maziwa kilipofungwa na kila mfugaji akaambiwa atafute soko mwenyewe.

Kwa Mama Kulwa kikazama. Mara ya tatu. Sheria ya Chama chetu cha wafugaji tumeitunga wenyewe: mara tatu, unatoka. Nikamtangaza mbele ya wote, kwa sauti. Akafunika ndoo yake, akavuka barabara kurudi kwake. Sikumwonea huruma.

Jumanne, 2 Februari
Mzee Masanja, mwenyekiti wetu, ana furaha. Bwana Afya anataka kupiga marufuku maziwa ya baiskeli mjini. Ijumaa ijayo, tarehe 12, tunakwenda Manispaa kuomba Chama kiruhusiwe kupima chenyewe na kupaka rangi ya buluu kwenye mifuniko ya madumu yaliyopita. Wakikataa, mji wote utakunywa maziwa ya unga ya dukani, nasi tutabaki na ng'ombe wetu. Mzee anasema kumfukuza Mama Kulwa kumetusaidia. Wataona hatuna mchezo.

Nilijiona mtu mkubwa leo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 5 Februari
Hoteli iliyokuwa inachukua maziwa ya Mama Kulwa imemkataa. Majirani nao wanapita mlangoni kwake wakiangalia pembeni. Mke wangu Esta kaniwekea chakula bila kukaa. "Mjane, ng'ombe watatu, mapacha wake wako sekondari. Atie maji ili iweje?" Nikamwambia kioo hakina undugu na mtu.

Asubuhi Mama Kulwa alikuwa amekuja bandani mikono mitupu. "Katibu, kesho njoo usimame nikikamua. Uone kwa macho yako." Nikamjibu kwamba Chama hakina kazi ya kusimamia watu wakikamua. Jibu la kijinga. Nililijua hata lilipokuwa linanitoka.

Jumapili, 7 Februari
Sijui kilichonituma. Kabla ya ibada nilikamua ng'ombe wetu, maziwa yakiwa bado na povu nikatumbukiza kioo. Kikazama. Nikakifuta, nikarudia. Kikazama tena. Ndoo haijaguswa na mtu zaidi yangu.

Nikaiacha kivulini, nikaenda kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Kurudi, nikapima. Kikasimama vizuri juu ya alama. Maziwa yaleyale.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kiwandani maziwa yalikuwa yananifikia kutoka tangi la baridi. Miaka kumi na miwili sijawahi kupima maziwa ya moto hata siku moja. Yakiwa ya moto ni mepesi, kioo kinazama. Wenzake Mama Kulwa, hata wa hapa hapa, wanatembea, maziwa yao yanapoa njiani. Yeye anakamua, anavuka barabara, anafika bandani yana joto la kiwele. Na tulipoanza kufungua mapema ndipo "alipoanza kutia maji". Kosa ni langu lote.

Jumatatu, 8 Februari
Nimemweleza Mzee Masanja. Alivua kofia, akaishika magotini.
"Una hakika?"
"Ninayo."
"Basi ngoja Ijumaa ipite. Tukisema leo, watauliza hiki ni chama gani kisichojua kupima. Ni familia kumi na nne, Katibu."

Nikakubali. Aibu yangu ilikubali kabla yangu. Leo nimewaambia wanachama ni utaratibu mpya: maziwa yakae kivulini kwanza, ndipo yapimwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumatano, 10 Februari
Nimekutana na Mama Kulwa bombani. Alinisalimia kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Februari
Manispaa. Mzee Masanja na koti lake la mikutano, jasho linamtiririka. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kisha akasema: "Sisi hatuoneani haya. Juzi tumemfukuza mwenzetu mmoja, Mama Kulwa, jirani wa banda letu." Bwana Afya akaandika. Niliona kalamu inatembea, nikajua ni jina lake.

Nikasimama. Nikasema yule mama hakutia maji, kosa lilikuwa la mpimaji, na mpimaji ni mimi. Nikaeleza maziwa ya moto na ya baridi. Bwana Afya akauliza sasa tunapimaje. Nikasema tunasubiri yapoe, na aje siku yoyote bila kutuambia. Wakasema tutajibiwa.

Safari nzima ya kurudi mwenyekiti alinipa kisogo.

Jumamosi, 13 Februari
Nimekwenda kwa Mama Kulwa. Nikasema yote, hata kwamba tangu Jumapili nilikuwa najua. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Zizini niliona ng'ombe wawili. Nikauliza yule mwekundu, yule wa maziwa mengi, yuko wapi.

"Nilimpeleka mnadani juzi. Watoto hawawezi kungoja."

Juzi ni Alhamisi. Mimi nimekaa na ukweli wake siku tano, na siku ya nne akauza ng'ombe.

Nikaomba radhi. Akasema, "Ulinitangaza bandani. Kanitangazie palepale." Akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu, 15 Februari
Nimetangaza. Sauti ileile ya siku ile, watu walewale. Lori la Shinyanga likapita katikati ya maneno, ikabidi nirudie yote. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mzee Masanja alikuja akasimama kando yangu, kofia mkononi, akasema naye alijua na alininyamazisha. Sikulitegemea.

Ng'ambo ya barabara Mama Kulwa alikuwa anafagia uwanja. Hakuacha kufagia.

Ijumaa, 19 Februari
Bwana Afya katuvamia alfajiri. Akatuangalia tunavyosubiri, akapima mwenyewe madumu matatu. Tumeruhusiwa kwa miezi mitatu, naye atakuwa anakuja akitaka. Wanachama walinishika mkono. Wa Misungwi mmoja akasema sasa nimekuwa mganga wa maziwa, wakacheka, nami nikacheka.

Nimefurahi. Lakini ile Alhamisi haitoki kichwani.

Jumatatu, 22 Februari
Mama Kulwa amevuka leo. Alifika wa kwanza, na ndoo ndogo. Akaiweka kivulini, akakaa juu ya tofali, mikono mapajani. Wengine walikuja, wakapimiwa, wakaondoka. Hakuwa na haraka.

Yalipopoa nikamimina kwenye gilasi. Nikamwomba asogee tusome wote. Kioo kikasimama juu ya alama.

"Mazuri," nikasema.

"Hata yale yalikuwa mazuri," akasema.

Akanikabidhi maziwa, akachukua ndoo yake tupu. Akangoja baiskeli mbili zipite, akavuka kurudi kwa ng'ombe wake wawili.