Nauza Gari Kubwa, Naendesha la Umeme

Mshauri mpendwa, naomba unitegee sikio, maana naona siku si nyingi nitaumbuka. Mimi nauza magari ya kifahari, yale marefu meusi yenye viti vya ngozi, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa kwenye duka la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyenichukua nikiwa sina mbele wala nyuma, na wateja wananiita Profesa kwa jinsi ninavyoyajua nje ndani. Sasa mwaka jana ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la magari ya umeme, vigari vifupi, bei nusu ya yetu, shemeji akanituma nikapeleleze, nikajifanya mnunuzi, nikaendesha kimoja, na mshauri, kilichomoka kwenye mataa kimyakimya kikaliacha gari kubwa kama letu bado linaunguruma! Nikarudi nikamwambia shemeji, "Vikorokoro tu," na wiki iliyofuata nikanunua kimoja. Mke wangu anakipenda, lakini nimemsihi asimwambie kaka yake, na kila asubuhi nakiegesha nyuma ya duka la mikate kisha natembea dakika saba hadi kazini, nikiulizwa nasema daktari kanishauri mazoezi.

Yote hayo ningeyabeba, ila juzi amekuja mteja wangu wa zamani, daktari wa meno mstaafu ambaye nimeshamuuzia magari matatu. Akasema, "Mwanangu, mgongo umechoka, siku hizi naenda sokoni na kwa wajukuu, basi. Hivi haya ya umeme yakoje?" Shemeji alikuwa amesimama pale pale. Nikamjibu, "Mama, hayo ya kuchezea, betri itakuacha njiani." Akanishika mkono, akasema, "Wewe hujawahi kunidanganya." Jumamosi anakuja kusaini anunue letu la nne. Nikisema kweli namsaliti shemeji, nikinyamaza nimemsaliti mama wa watu. Nifanye nini?

Profesa

JIBU

Profesa, pole, lakini acha nikuseme kwanza. Mtu mzima unajificha nyuma ya duka la mikate! Shemeji yako alikutuma ukamletee habari za ng'ambo, ukamletea uongo, na kwa uongo huo yeye bado anaagiza magari akidhani hana mshindani. Huko ndiko kumsaliti. Mama umemwongeza tu.

Ila usije ukaruka upande wa pili ukaanza kuyatukana magari yenu. Anayesafiri mji hadi mji na familia nzima na mizigo, tena njia ambayo hakuna pa kuchaji, gari lenu bado litamfaa, na viti vile ni raha ya kweli. Lakini huyo mama haendi mbali. Gari lenu limekaa chini, kila akitoka lazima ajivute kwa mgongo ule ule mbovu. Kigari chako kimeinuka kidogo, anachaji nyumbani, habari ya oili hana. Kasoro yake ni matuta, kinarusha. Basi apande yote mawili, apite nayo kwenye matuta, mgongo wake ndio uamue. Wewe ukae kiti cha pembeni, ufunge mdomo.

Kuhusu shemeji: kesho asubuhi endesha gari lako mpaka mlango wa mbele, liegeshe kando ya lake. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza mwambie, "Shemeji, nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Wateja wetu wanavuka barabara. Tulete na sisi ya umeme, upande huo nipe mimi." Muuzaji anayeyajua magari yote mawili kwa mikono yake hapatikani kirahisi, na yeye ni mfanyabiashara, hesabu hiyo ataielewa hata kabla hasira haijaisha. Na akikufukuza, utapata kazi, ujuzi wako hauko kwenye ukuta wa duka lake.

Lakini la kwanza kabisa ni hili, na ulifanye leo. Usimngoje mama wa watu mpaka Jumamosi aje na kalamu mkononi. Weka gazeti chini, mpigie simu, useme: "Mama, juzi nilikudanganya." Yanayofuata utayajua mwenyewe.